Shajara ya mradi: ngoma sita, sakafu moja na vijana kumi na wawili, Bagamoyo 2024

14 Januari 2024: Tulipoanzia

Nafungua shajara hii kwa sababu mwaka jana, tulipokuwa tukiulizia namna ya kuanzisha mafunzo ya ngoma na maigizo, hatukupata mtu aliyeandika kazi hii inakula shilingi ngapi na siku ngapi. Kila tuliyemwendea alitutia moyo, na moyo hauwambi ngoma. Nitaandika kila hatua inapokamilika, na yale yaliyoharibika nitayaandika kwa urefu kuliko yaliyokwenda sawa, kwa kuwa yaliyokwenda sawa hayana la kumfundisha mwenzangu atakayetaka kuiga.

Sisi waanzilishi ni watano. Watatu kati yetu tumepita katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo watu wa hapa bado wanaiita Chuo cha Sanaa kama ilivyoitwa tangu 1981, ingawa mwaka 2007 ilifanywa wakala wa serikali na kubadilishwa jina. Kuishi jirani na taasisi hiyo ni neema. Mtoto wa Bagamoyo hukua akisikia mazoezi ya wapigaji kutoka mikoa yote, na tamasha la kila mwaka, lililoanza 1982, humwonyesha mambo ambayo kwingine angesafiri kuyafuata. Hata hivyo, kuingia darasani kunahitaji cheti cha kidato cha nne pamoja na ada, na wengi wa vijana tunaopiga nao harusini Magomeni na Dunda, kata za hapa Bagamoyo, hawana hiki wala kile. Hao ndio tuliowalenga: kumi na wawili, wasichana watano na wavulana saba, wenye umri kati ya miaka 17 na 23. Tumejipa miezi minane ya kuwafunza hadi waweze kufanya onyesho la dakika hamsini mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Fedha ya kuanzia ni shilingi 2,600,000. Kila mwanzilishi ametoa 200,000, na 1,600,000 zimetoka katika mfuko wa kikundi tuliouweka kwa miaka miwili kutokana na harusi na maonyesho ya hotelini. Tumekodi ua wa nyumba moja Magomeni kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Ndani yake mna banda la makuti na sakafu ya saruji ya mita sita kwa tano, ambayo zamani ilikuwa ya kuanikia mbata.

25 Februari 2024: Magogo yaliyopasuka

Tuliamua kutengeneza ngoma zetu wenyewe badala ya kununua zinazouzwa kwa watalii, ambazo nyingi zimechongwa zivutie macho na huvunja moyo wa mpigaji kwa kofi la pili. Tulitaka msondo mmoja, ambao ni ngoma ndefu, vumi mbili za sauti nzito na chapuo tatu, zilizo ndogo. Magogo sita ya mwembe tuliyapata kwa shilingi 40,000 kila moja, na fundi aliyachonga na kuyachimba kwa 45,000 kila moja. Ngozi tano za mbuzi zilikuwa 8,000 kila moja na ngozi ya ng'ombe ya msondo 25,000. Jumla yake ni 575,000.

Kosa lilikuwa letu, wala si la fundi. Mti ulikuwa mbichi, naye alituambia mizinga ile, yaani magogo yaliyokwisha kuchimbwa, ikae kivulini wiki tatu kabla ya kuwambwa. Sisi tulikuwa na haraka, tukaianika juu ya saruji katika jua la kaskazi. Siku ya tatu alfajiri nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja kijiti, na nilipotoka uani nikakuta chapuo moja imepasuka kutoka mdomoni hadi katikati, ufa wa kupitisha kidole. Jioni vumi moja nayo ikafuata, ingawa ufa wake ulikuwa mwembamba kama uzi.

Vumi iliokolewa. Fundi aliujaza ufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, akaubana kwa pete ya chuma, na hadi leo sauti yake haina kasoro ninayoweza kuisikia. Chapuo haikuokoleka, tukanunua gogo jingine na kulipa ufundi upya, yaani 85,000 zaidi. Safari hii tulipaka nta na mafuta ya nazi kwenye ncha mbili za mzinga, kwa sababu maji ya mti hukimbilia kutokea nchani na ndiko ufa unakoanzia, kisha tukaufunika kwa gunia ndani ya banda. Haukupasuka.

7 Aprili 2024: Ramadhani na katiba

Kuanzia tarehe 12 Machi tulisimamisha ngoma kwa sababu ya mwezi mtukufu, nami namshauri yeyote atakayeanza mradi wa namna hii katika miji ya pwani autie mwezi huo katika hesabu tangu mwanzo. Sisi hatukuutia, na ratiba yetu ya kwanza ilikufa pale pale.

Muda huo tuliutumia kuandikisha kikundi. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo linalosajili vikundi vya sanaa, na miongoni mwa karatasi zinazohitajika ni katiba. Sisi tulichukua katiba ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha mtaani, tukabadilisha jina tu. Maombi yalirudi, tena kwa haki, maana kwa mujibu wa ibara ya nne madhumuni ya kikundi chetu cha ngoma yalikuwa kukopeshana kwa riba nafuu, na ukomo wa uongozi haukutajwa popote. Tuliiandika upya kwa mikono yetu katika vikao viwili baada ya futari. Nakala, ada na nauli zote zimefika 130,000.

28 Aprili 2024: Chumvi, masika na cheche

Baada ya Idd tuliwamba ngoma zote sita. Tuliloweka ngozi usiku kucha, tukaparura manyoya kwa vipande vya chupa, tukazivuta na kuzipigilia vigingi. Siku mbili za jua ngoma zililia vizuri mno hata jirani akaja kuuliza tunamwoza nani. Kisha mvua za masika zikarudi, na asubuhi iliyofuata ukipiga chapuo ilijibu kama godoro.

Kila mpigaji wa pwani anajua kwamba ngozi hulegea kwa unyevu na hukazwa kwa moto, hivyo hatukushtuka. Kilichotushangaza ni kwamba zetu zilikazika kwa robo saa tu, kisha zikalegea tena hata ndani ya banda kavu, ilhali ngoma ya zamani ya mmoja wetu, iliyowekwa hapo hapo, ilidumu asubuhi nzima. Ilituchukua wiki moja kupata sababu. Ngozi tulizonunua zilikuwa zimetiwa chumvi na mchinjaji ili zisioze, nasi tuliziloweka mara moja tu bila kubadilisha maji. Chumvi iliyobaki ndani ya ngozi inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Bagamoyo mwezi Aprili haina uhaba wa unyevu. Tulizifungua zote, tukaziloweka upya katika maji baridi tukiyabadilisha mara tatu, na kila mara tuliyaonja maji kwa ncha ya ulimi hadi yalipokosa chumvi. (Kuonja maji ya ngozi ya mbuzi ni kazi inayostahili kugawanywa kwa zamu.) Ngozi mbili zilikuwa zimechoka kwa kuvutwa mara mbili, zikachanika.

Ya tatu niliichana mwenyewe. Nilikuwa nikiikaza chapuo juu ya moto wa makuti, na badala ya kuizungusha mbali na ndimi za moto niliisogeza karibu ili iwahi, ikapasuka kwa mshindo. Katika kushtuka niliupiga moto teke, cheche zikaruka hadi kwenye ukingo wa banda, ambalo nalo ni la makuti. Ndoo mbili za maji zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya ngozi ndizo zilizotuponya. Wazee waliokuja kutazama hawakunikemea, ila mmoja alikumbusha kwa sauti ya chini jinsi jukwaa la chuo lilivyoungua mwaka 2002, na kwamba ilichukua miaka kulijenga jipya. Tangu siku hiyo ngoma zinakazwa kwa jiko la mkaa lililowekwa upande wa pili wa ua, ndoo ya maji pembeni. Ngozi tatu mpya zimegharimu 24,000. Hesabu ya ngoma imefungwa kwa shilingi 684,000.

19 Mei 2024: Daftari la mahudhurio

Hii ndiyo sehemu iliyokaribia kuua mradi, na haihusiani na sanaa hata kidogo.

Tulianza masomo rasmi tarehe 20 Aprili, jioni tano kwa wiki. Wiki ya kwanza daftari lilionyesha 11, 12, 12, 11, 12. Ilipofika wiki ya kwanza ya Mei lilionyesha 5, 4, 6, 4, 5. Tulidhani ni mvua, kisha tukadhani ni kimbunga Hidaya, ambacho kilikaribia pwani yetu mapema mwezi huo na kuwafanya watu wote wawe na mambo mengine kichwani. Lakini kimbunga kilipita, nao hawakurudi. Mwanzilishi mmoja alipendekeza tuwaondoe watoro na kuchukua wengine, na mimi, nakiri, niliunga mkono.

Mweka hazina wetu, ambaye mumewe ni mvuvi, ndiye aliyelichukua daftari na kulilinganisha na mwezi wa angani. Saba kati ya vijana wetu wanategemea dagaa: wanaume wanatoka na mashua usiku, wasichana wawili wanaanika na kupakia asubuhi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta samaki wakati wa giza tu. Mbalamwezi inapowaka mashua hukaa ufukweni. Wiki yetu iliyojaa ilikuwa ya mbalamwezi, na wiki yetu tupu ilikuwa ya giza, nasi tulikuwa tukiwaita watoro watu waliokuwa kazini.

Ratiba ya wiki tuliifuta tukaandika ya mwezi. Siku za mbalamwezi darasa ni kila siku, kwa muda wa saa tatu kila jioni. Siku za giza kuna darasa mara mbili tu kwa wiki, saa nane mchana, na ni la kusikiliza na kurudia kwa wale walioweza kuja, bila kufundisha jambo jipya. Pia tumeanza kutoa uji na maandazi kabla ya mazoezi, shilingi 6,000 kwa siku kwa vijana wote, kwa sababu tuligundua kwamba wawili waliokuwa wakisinzia wakati wa kupasha misuli hawakuwa wavivu bali hawakuwa wamekula tangu asubuhi.

16 Juni 2024: Sakafu iliyojengwa mara mbili

Saruji haichezewi. Wiki ya nne ya mazoezi wachezaji wanane kati ya kumi na wawili walilalamika maumivu ya miundi, na mmoja alishindwa kupanda ngazi. Mchanga mtupu nao, ingawa mababu waliuchezea, unazamisha mguu na haumfundishi mchezaji kutua kama atakavyotua jukwaani. Tuliamua kutandika mbao juu ya saruji ile.

Mbao za paini za inchi moja kwa sita zilikuwa 55, kila moja 9,000. Papi za inchi mbili kwa mbili zilikuwa 22, kila moja 4,500. Misumari na dawa ya mchwa vilikuwa 60,000, na ufundi 150,000. Sakafu ilikamilika kwa siku tatu, ikapendeza, na ilipokanyagwa tu tukajua tumekosea. Papi zilikuwa zimelala moja kwa moja juu ya saruji, kwa hiyo mbao hazikunesa hata kidogo, ila sasa kulikuwa na uwazi chini yake uliovuma kama ngoma ya saba isiyo na mpigaji. Wachezaji kumi na wawili walipokanyaga kwa pamoja, chapuo haikusikika.

Tuliing'oa yote. Tulinunua matairi chakavu ya 20,000, tukakata vipande 176 vya ukubwa wa kiganja, tukavipigilia chini ya kila papi kwa nafasi ya nusu mita. Fundi aliongezewa 60,000 kwa kurudia. Wapigaji tuliwaondoa juu ya mbao na kuwakalisha mchangani, ubavuni mwa sakafu, ili mtetemo wa miguu usipande kwenye mizinga. Sasa sakafu inanesa kidogo, na sauti yake imepungua hadi kuwa mnong'ono unaoweza kuvumilika. Turubai la kuifunika wakati wa mvua lilikuwa 95,000. Jumla ya sakafu ni 979,000, ndiyo kubwa kuliko matumizi yote, na ningeitoa tena leo, maana malalamiko ya miundi yamebaki kwa mtu mmoja.

14 Julai 2024: Kuhesabu

Ratiba ya masomo niliiandika mimi. Jumatatu miondoko, Jumanne upigaji, Jumatano nyimbo, Alhamisi maigizo, Ijumaa kuunganisha. Ilikuwa ratiba safi, na ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyomo katika shajara hii.

Ngoma tulizochagua ni mbili za jirani, yaani mdundiko wa Wazaramo na selo ya Wazigua, na muheme wa Wagogo, ambao wanawake huupiga wakiwa wamebana ngoma katikati ya mapaja. Kwa muheme tulimpata bibi mmoja Mgogo aishiye hapa Bagamoyo. Kuwepo kwa muziki wa Kigogo katika mji wa pwani si ajabu kwa mwenyeji, kwa kuwa Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba, ala ipigwayo kwa vidole gumba, na zeze, aliishi hapa na ni hapa alipofia mwaka 2003, na alikuja na jamaa waliobaki. Tulikubaliana na bibi shilingi 20,000 kwa kila kipindi. Alikuja mwanzoni mwa Juni na ngoma zake mwenyewe, zimefungwa katika kanga.

Tulimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," akaomba aonyeshwe kwanza tulichokuwa nacho. Vijana walicheza mdundiko kwa hatua zilizonyooka, nami mbele yao nikihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, geuka. Bibi aliangalia hadi mwisho bila kubadilisha uso. Kisha akauliza, "Mbona mnahesabu? Mnauza machungwa?"

Vijana walicheka, nami nilicheka nao, lakini yeye hakuwa akitania. Akawaambia wachezaji wawape mgongo wapigaji, akanikataza nisifungue mdomo, akamnong'oneza mpigaji wa chapuo ya kuongoza abadilishe mwito wakati wowote apendao. Mwito ulipobadilika, wachezaji watatu tu ndio waliogeuka kwa wakati. Wengine tisa walisubiri mtu mmoja aanze, wakamfuata. Tulipochunguza tuliona kwamba wale watatu wote ni watu wanaopiga ngoma harusini kabla hata ya kujiunga nasi.

Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Katika lugha yetu neno ngoma ni mzinga wenye ngozi, ni mchezo, na ni shughuli nzima yenye wimbo na watu ndani yake, wala hakuna aliyewahi kuona haja ya kuvitenga kwa maneno matatu. Mimi nilikuwa nimevitenga kwa siku tatu za wiki. Aliyefundishwa hatua Jumatatu bila chapuo anajifunza kuisikia sauti ya mwalimu, na siku mwalimu asipokuwepo jukwaani hana anachokifuata. Sisemi kwamba kugawa masomo ni vibaya kila mahali. Mwanafunzi anayesoma kwa miaka miwili au mitatu ana muda wa kuvirudisha pamoja. Sisi tulikuwa na miezi iliyokatwa na mwezi wa angani, na hatukuwa na muda huo.

Tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, kila kijana, hata yule atakayecheza tu, anashika chapuo kwa robo saa kila siku na kuwapigia wenzake, ajue kutoa mwito ndipo ajue kuupokea. Pili, ni marufuku kuhesabu kwa sauti, na anayehesabu anaosha vikombe vya uji. Wiki ya kwanza mazoezi yalikuwa vurugu tupu, na mwanzilishi mmoja alisema wazi kwamba tumewarudisha vijana nyuma. Jana bibi alirudia mtihani wake wa migongo, na mara hii alituingiza hata sisi waalimu. Wote kumi na wawili waligeuka kwa wakati. Aliyechelewa alikuwa mtu mmoja, naye ni mimi, niliyekuwa bado nahesabu moyoni. Vikombe nimeviosha.

28 Julai 2024: Sauti ya mnadani

Kijana wetu mmoja ni mnadi katika soko la samaki. Anaponadi anaweza kusikika kutoka mashua za mwisho hadi barabarani, na kwa sababu hiyo tulimpa sehemu ndefu kuliko wote katika igizo. Siku tatu za mazoezi zikamkausha koo hata akashindwa kunadi, akapoteza ujira wa siku mbili. Tulimfidia kutoka mifukoni mwetu, kwa kuwa tulimwumiza sisi.

Mwalimu wa sauti, tuliyemlipa 15,000 kwa kila kipindi kwa vipindi sita, hakumfundisha kupaza sauti. Alimlaza chali mkekani, akamwekea mfuko wa mchele wa kilo moja juu ya tumbo, akamwambia auinue mfuko kwa pumzi bila kuinua kifua. Kijana aliona haya mwanzoni kwa sababu wenzake walikuwa wakitazama. Dakika kumi baadaye, akiwa bado amelala, aliombwa anadi kama anavyonadi sokoni: "Elfu tano, elfu tano mia tano, nani ana sita?" Sauti ikatoka pana, wala shingo haikutokeza mishipa. Akanyamaza, akaushika mfuko kwa mikono miwili, akasema kwamba marehemu baba yake alikuwa akinadi hivyo na hakuwahi kujua alikuwa akifanyaje.

Wimbo wa mnada haukuwamo katika igizo letu. Sasa umo. Wasichana waliuwekea muheme chini yake, kwa taratibu, na bei zinavyopanda ngoma nazo zinakaza mwendo. Bibi alisikiliza, akasema hiyo si muheme, lakini tusiiache.

18 Agosti 2024: Onyesho

Tulichagua Jumamosi ya tarehe 17 kwa sababu ni mbalamwezi: mashua ziko ufukweni, na mwanga ni wa bure. Maandalizi ya mavazi, kanga na kaniki, yalikuwa 210,000. Viti 120 vya kukodi, taa na matangazo vilikuwa 190,000.

Siku tatu kabla ya onyesho tulimkalisha mwenzetu kiti cha nyuma, ainue mkono kila asiposikia neno. Mkono ulikaa juu karibu muda wote. Tulikuwa tumewaweka watazamaji upande wa kusini wa ua na waigizaji wakiwa kaskazini, migongo yao ukutani, nao upepo wa kusi ulikuwa ukiyachukua maneno yao na kuyapeleka nyuma ya nyumba. Kukodi vipaza sauti kulikuwa nje ya uwezo wetu. Tukageuza viti vyote, watazamaji wakakaa kaskazini chini ya ukuta, ili upepo uwaletee sauti badala ya kuwanyang'anya.

Kwa kufanya hivyo tulipoteza mlango wa nyumba, ambao ndio waigizaji walikuwa wakitokea. Njia iliyobaki ilikuwa lango la barabarani. Kwa hiyo mdundiko wa ufunguzi ulianzia mtaani, hatua mia mbili kutoka uani, ukaingia kwa kutembea, jinsi mdundiko unavyotakiwa kwenda, na ambavyo mimi katika miezi saba ya kupanga sikuwahi kufikiria. Watu thelathini au zaidi waliokuwa barazani wakafuata ngoma hadi ndani bila tiketi, na aliyekuwa langoni hakuwa na namna ya kumzuia mtu asifuate mdundiko.

Katika dakika ya ishirini na tano vumi moja ililegea kwa umande. Ilitolewa kimyakimya, ikapelekwa kwenye jiko la mkaa nje ya ua, na mpigaji akaendelea kwa chapuo hadi iliporudi. Igizo lilichukua dakika hamsini na nne.

25 Agosti 2024: Hesabu na yanayofuata

Ngoma 684,000. Sakafu 979,000. Pango la ua kwa miezi minane 320,000. Bibi vipindi kumi na sita, 320,000, na mwalimu wa sauti 90,000. Uji na maandazi siku 38, 228,000. Usajili 130,000. Mavazi 210,000. Onyesho 190,000. Jumla ni shilingi 3,151,000, dhidi ya 2,600,000 tulizokuwa nazo mwanzoni. Pengo lilizibwa na harusi mbili tulizopiga mwezi Juni na Julai kwa 180,000 kila moja, na kiingilio cha watu wazima 94 kwa 3,000 na watoto 41 kwa 1,000, yaani 323,000. Fidia ya mnadi imetoka mifukoni mwetu na haimo katika hesabu hii. Mfukoni zimebaki 132,000.

Makosa ya chapuo, ngozi na sakafu yametugharimu 169,000 za wazi. Kwa anayetaka kuiga, anaweza kuziokoa zote kwa kusubiri wiki tatu, kubadilisha maji mara tatu, kuiepusha ngozi na ndimi za moto na kuanza na matairi. Kosa la ratiba sijui nilipigie hesabu vipi, ila lilitula wiki saba.

Msichana mmoja kati ya watano ameamua kurudia mtihani wa kidato cha nne ili aombe nafasi katika Taasisi, na mweka hazina anamfundisha hisabati baada ya mazoezi. Wavulana wawili wamepata kazi ya kupiga hotelini siku za wikendi, nasi tumewaandikia mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja malipo, usafiri na chakula, kwa sababu mara ya kwanza waliambiwa watalipwa kwa soda. Ngozi ya vumi iliyolegea inabadilishwa wiki hii, na nimeyaonja maji mwenyewe. Giza linaanza kesho, mashua zinatoka, na darasa linarudi tarehe 10 Septemba.